Karatasi Niliyoiomba Dirishani

Niliharibu uchumba wa mtoto wa dada yangu kwa karatasi moja, na karatasi hiyo niliiomba mwenyewe polisi, kwa miguu yangu, bila kulazimishwa na mtu. Nalisema hili mwanzoni ili anayesoma asingoje huko mbele nigeuke mtu mwema. Nitajitetea kidogo, ni tabia ya wazee, lakini habari yenyewe ndiyo hiyo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, simu zikiwa bado zinafungwa kama kitabu. Mimi nilikaa Fort Worth, dada yangu Garland, na katikati yetu ipo Dallas nzima na barabara zake zinazopanda moja juu ya nyingine mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Dada ni mkubwa kwangu. Kazi yake ilikuwa kulea wazee wa watu, anawaosha, anawalisha, jioni anarudi kukanda mgongo wake mwenyewe. Mume wake alibaki kwetu, upande wa Uvira, ardhini. Tulimzika haraka haraka na hatukupata muda wa kuweka hata jiwe. Kwa hiyo binti yao, aliyekuja huku akiwa msichana wa shule, hakuwa na baba wa kumsimamia. Alikuwa na mimi, mjomba wake. Amepewa jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana mpaka leo namwita mama, na yeye akiwa na furaha hunijibu, "Ndiyo, mwanangu." Siku hizo alikuwa bado ananijibu hivyo.

Shule mimi nilifika darasa la tatu. La nne nililiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi. Kiswahili cha kusoma nilijifunza kwa kitabu cha nyimbo kanisani, ndiyo maana naandika hivi ninavyoandika. Kiingereza sisomi. Ninachokisikia ni kile cha ghalani: inua, shusha, simama, nenda ukale. Ghala letu lilikuwa la vyakula vya barafu. Watu wanasema Texas ni joto. Mimi miaka sita ya kwanza niliishi Texas nimevaa koti zito na soksi mbili mbili mwezi wa saba. Ukitoka nje kula mkate, jua linakupiga kofi, miwani inaingia ukungu, halafu unarudi ndani kuganda tena. Mapafu yangu hayajapona mpaka leo. Lakini si hilo nililokaa kuandika.

Kuna jambo lazima niliseme kwanza, hata kama linaonekana mzaha, nalo ni siku zetu za kuzaliwa. Sisi tuliotoka kambi ya wakimbizi, karibu wote tumezaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza. Karani wa kambi alikuuliza umezaliwa lini. Wewe unasema mwaka wa mafuriko, au wakati mama yangu anavuna mihogo. Yeye anakutazama usoni, anakadiria mwaka, na mahali pa siku na mwezi anaweka moja na moja. Ndivyo ilivyo kwenye kadi yangu, na ya dada, na ya binti. Mwaka mpya mmoja kanisani mchungaji alisema wenye siku ya kuzaliwa wasimame waombewe. Kanisa zima likasimama. Akabaki amekaa mpiga kinanda peke yake, kwa sababu yeye alizaliwa hospitali. Tulicheka mpaka watoto wachanga wakaanza kulia. Mimi pia nilicheka. Nataka hilo likumbukwe, kwamba nilikuwepo na nilicheka.

Sasa kijana. Alimwona binti yetu kwenye kwaya. Alikuwa Mkongo mwenzetu, wa upande wetu ule ule wa ziwa, anafanya kazi kiwanda cha viti vya ofisi, anakaa na mama yake. Mrefu, maneno machache. Siku ya kwanza kuja kwa dada nilikuwepo, nina sahani ya ugali na sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, mapajani. Taa ya jikoni ilikuwa imeungua wiki nzima. Dada hafiki darini, mimi nilikuwa nimesema nitapanda kiti, sikupanda. Kijana akaingia jikoni kuomba maji, akakuta giza, akauliza balbu mpya iko wapi. Akanyoosha mkono tu, nyayo zote mbili zikiwa chini, akafungua ile, akafunga hii. Dada akanitazama kwa jicho la kusema, umeona? Nikasema kwa sauti, "Huyu hana haja ya ngazi. Mpeni na rangi, atupakie nyumba yote." Binti akaficha uso kwa kitambaa cha vyombo.

Baadaye ikaja barua ya posa, na pamoja nayo fomu ya kanisa. Kamati ya ndoa ya kanisa letu ilikuwa na fomu yake: jina, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, umebatizwa wapi. Nakala moja inapelekwa kwa upande wa msichana. Dada akanipa ile ya kijana akasema, "Kazi yako hiyo, kaka. Fanya kama alivyofanya baba."

Alivyofanya baba ni hivi. Dada alipoposwa, kule kwetu, baba alikwenda kijiji cha wale watu akajifanya mnunuzi wa mbuzi. Alikaa siku nne. Alikula kwa hawa, akalala kwa wale, akabishania mbuzi ambaye hakumtaka. Kumbe anatazama. Mama wa kijana akifika mtoni, wanawake wenzake wanamsaidia kujitwika ndoo au wanageuza uso? Baba wa kijana akilewa, anaimba au anapiga? Wakati wa kula wanaitana au kila mtu na kona yake? Aliporudi hakusema mengi. Alisema, "Ni watu. Mtoto aende." Na dada alikaa vizuri na yule mume mpaka vita vilipomchukua. Mbuzi hakununuliwa, na mama alimcheka baba miaka mingi kwa ajili ya huyo mbuzi.

Kwetu hiyo kazi ni ya siri, lakini si ya aibu. Wale wa upande wa pili wanajua kwamba mtu atakuja. Hawajui ni nani, na hawaulizi. Na huyo mtu anauliza majirani. Hilo nalo likumbukwe: majirani.

Mimi nilijaribu majirani. Jumamosi moja niliendesha mpaka kwenye zile apatimenti za kijana, wakati najua yuko kazini na mama yake yuko kanisani, nikakaa kwenye ngazi na chupa ya soda, nikangoja mtu wa kuongea naye. Texas mtu akitoka mlangoni yuko ndani ya gari kabla hujafungua mdomo. Nikampata Mmeksiko mmoja anaosha gari lake, nikamwuliza kwa Kiingereza changu, yule wa juu mtu mzuri? Akadhani nauza kitu, akatikisa kichwa. Bibi mmoja mwenye mbwa alinitazama nyuma ya pazia muda wote. Baada ya saa moja akaja mwanamke wa ofisi ya nyumba, ana funguo nyingi kiunoni, akanieleza, kama nilivyoelewa kwa mikono yake, kwamba kama sikai pale niondoke. Nikaondoka. Mzee mzima, nimefukuzwa kwenye ngazi kama paka. Ile hasira niliyoondoka nayo ndiyo iliyonipeleka pabaya, ingawa siku ile nilidhani ni bidii.

Ghalani kulikuwa na dada mmoja Mkenya, anakuja kazi wikendi, siku nyingine anasomea unesi. Ana ulimi mwepesi, anamtania kila mtu, mimi aliniita mzee wa mwaka mpya. Nikamweleza shida yangu, na habari ya baba na mbuzi. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mzee, hapa hakuna mbuzi wa kununua," akasema. "Hapa unaenda polisi. Rekodi ni za umma, mtu yeyote anaomba. Unawapa jina na tarehe ya kuzaliwa, wanakupa kila kitu alichowahi kushikwa nacho. Hata wewe nimekuangalia. Ulishikwa na soksi mbili."

Sikuamini. Kwetu mtu anafika polisi akiburutwa, au akiwa anampeleka mwenzake aburutwe. Nilimwuliza mara mbili, hawatataka kujua nazitakia nini? Akasema hawaruhusiwi hata kuuliza. Akachukua karatasi, akaandika ombi kwa Kiingereza, maana lazima liwe la maandishi, akaniambia, weka sahihi hapa, mzee. Nikaweka.

Mji wenyewe sitautaja. Wale watu wa dirishani hawakunikosea, walinipa nilichoomba. Nilikwenda siku ya katikati ya wiki, nimenyoa, nimevaa suti ya kanisani. Karani alikuwa mama mweusi wa huku huku, miwani yake imening'inia kwa mnyororo wa shanga, mbele yake kioo kinene chenye tundu chini la kupitishia karatasi. Nilikuwa nimebeba kwenye mfuko wa plastiki kadi yangu, karatasi za ukimbizi, barua ya kazi, hata cheti cha ubatizo, maana sikujua wataniuliza nini. Akavisukuma vyote nyuma. Alitaka ile barua ya Mkenya tu. Akaniwekea na fomu, akanionyesha kwa kalamu mahali pa jina la mtu ninayemwuliza, mahali pa tarehe.

Nikaandika jina la mtoto wa watu. Nikaandika tarehe moja, mwezi wa kwanza, na mwaka wake, kama nilivyonakili kwenye fomu ya kanisa. Na hapa niseme ukweli kwa sababu nimeshazeeka: nilifurahi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kusimama mbele ya polisi mimi ndiye ninayeuliza.

Siku kama kumi baadaye nikarudi kuchukua. Karatasi tatu, na mistari mingine wameifunika kwa wino mweusi kama mtu aliyepaka lami. Yule mama alinieleza kitu polepole. Alionyesha juu ya karatasi, kisha akaonyesha nje, jengo la ng'ambo ya barabara. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa alichokuwa anasema: hii ni ya kukamatwa tu, kama alikutwa na kosa au aliachiwa, hayo yako mahakamani, dirisha jingine. Mimi niliitikia kwa kichwa, nikashukuru, nikaondoka. Niliitikia kama msomi.

Karatasi zangu za Kiingereza alizoea kunisomea binti mwenyewe. Jumapili baada ya ibada alikuja kwangu, tunakula, halafu anafungua barua zote, za hospitali, za bima ya gari, za serikali. Hii nisingeweza kumpa. Nikampelekea yule Mkenya, kwenye chumba cha kulia pale ghalani, zile dakika kumi na tano ambazo nusu yake unapanga foleni ya maikrowevu. Akakunjua, akaanza juu: namba ya ripoti, saa, mtaa, mwanamume, urefu wake. Nikamkatiza.

"Dada, hayo ya juu acha. Nisomee kosa."

Akashuka na kidole. Aliposema tena, sauti ya utani ilikuwa imeondoka. "Mzee, imeandikwa alishikwa kwa kumpiga mtu wa nyumbani kwake. Mwanamke."

Kengele ikalia. Akanirudishia karatasi akasema tuisome yote baada ya kazi, taratibu. Nasikia watu wanamlaumu yeye wakisikia habari hii, Wakenya bwana, Wakenya. Yeye alisema tungoje. Mimi ndiye sikungoja. Zamu ilipoisha nilikuwa tayari njiani kwenda Garland, na koti la baridi bado mwilini.

Dada alisikiliza amesimama. Akauliza swali moja, la akili kuliko yote niliyouliza mimi. "Mwanamke gani? Si anakaa na mama yake?" Nikamjibu kwamba basi amempiga mama yake, au kuna mke amemficha mahali, na achague mwenyewe lipi zuri. Dada akaketi, akalia. Nikamwambia binti asiambiwe kitu mpaka siku ya jibu, wakija wenyewe, nitasema mimi. Sababu niliyompa dada ni kwamba mambo ya ukoo yanasemwa mbele ya ukoo. Sababu yenyewe ni kwamba nilitaka kusimama.

Wakaja. Watu saba, suti, soda makasha mawili, kitenge cha dada kimefungwa vizuri kwenye karatasi ya zawadi. Msemaji wao alisema maneno mazuri juu ya binti yetu, sauti yake, heshima yake. Kisha ikawa zamu yetu. Nikasimama, nikatoa karatasi kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikaikunjua polepole. Nikawaambia tumechunguza, kama desturi inavyotaka, na serikali ya Texas imetujibu. Nikataja kosa.

Kijana alikuwa amekaa mwisho wa sofa, magoti yake yamepanda juu kwa urefu. Akasema bila hasira, "Mjomba, mimi sijawahi kukamatwa."

"Karatasi haikujui wewe wala mimi," nikamwambia. "Haina sababu ya kudanganya."

Niliona hilo ni neno kubwa. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi garini.

Mama yake akainuka. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, kilemba cha bluu. Hakumtazama dada wala karatasi. Alinitazama mimi.

"Jina la mwanangu ulimpa nani?"

"Nimeshasema. Polisi."

"Waliliomba?"

"Hapana, mama. Nilienda mwenyewe."

"Uliandika kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu."

Akakirekebisha kilemba chake. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayeelekeza njia, "Sisi tulivuka ziwa kwa sababu mtu mmoja aliandika majina yetu akayapeleka kwa askari. Na yeye alikuwa mtu wa kanisa. Sikujua kwamba nitamkuta tena Texas, amevaa tai."

Wakaondoka. Hawakugombana, hawakubamiza mlango, mmoja wao hata aliniaga. Soda zilibaki sakafuni. Binti alikuwa kwenye mlango wa jikoni muda wote, chini ya taa ile. Akakusanya glasi zetu, ambazo hakuna aliyekuwa amezinywea, akaanza kuziosha moja moja.

Jumapili iliyofuata hakuja kwangu. Wala ile nyingine. Barua zangu zikajaa kwenye kiti mpaka zikaanguka. Kanisani aliimba, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mimi nilijiambia atapona, ataolewa na mwingine, siku moja atanishukuru. Niliamini hivyo kabisa. Nilikuwa nalala vizuri.

Alikuja baada ya kama miezi miwili. Hakupika. Alisema amekuja kusoma barua, akazisoma zote kwa sauti ya karani. Kisha akasema, "Na ile." Nikajifanya sielewi. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua kitabu changu cha nyimbo, maana anajua ninapoweka vitu, akaitoa humo.

Aliisoma kutoka juu. Namba ya ripoti. Saa. Mtaa, ambao alisema si mtaa wa kina kijana na haujawahi kuwa. Mwanamume. Kisha akasimama.

"Mjomba, inuka."

Nikainuka.

"Wewe kwenye leseni yako umeandikwa futi tano na inchi sita. Nimeijaza mimi ile fomu. Huyu aliyekamatwa ameandikwa futi tano na inchi nne. Ni mfupi kuliko wewe." Aliweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja. "Taa ya jikoni kwa mama, nani aliibadilisha?"

Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba kama mtoto anayepimwa nguo.

"Tarehe ya kuzaliwa uliwapa?" akauliza.

"Ndiyo. Tarehe moja, mwezi wa kwanza."

"Na wewe umezaliwa lini, mjomba?"

Hapo nikakaa. Kanisa zima lilikuwa limesimama siku ile, na mimi nilikuwemo, nacheka.

Kijana na mama yake walikuwa wameshahamia Houston. Dada alipiga simu, namba ikawa haipo tena. Kwa watu wa kwaya tukapata anwani. Niliendesha peke yangu, saa nne nzima na zaidi, gari linachemka, nimebeba kile kitenge ambacho walikiacha, kwa sababu sikujua mtu anabeba nini kwenye safari ya namna hiyo. Kijana alinifungulia. Aliinama kidogo mlangoni, kama alivyozoea. Akanipokea vizuri, akaniletea soda, akauliza mapafu yangu. Ningependa kama angenifukuza.

Alinieleza yote, nami nikasikiliza. Aliyekamatwa ni mtoto wa baba yake mkubwa. Wote wawili wamepewa jina la babu yao, na kambini walisimama mstari mmoja, karani akawatazama, akawapa mwaka mmoja, moja na moja. Yule mwenzake aligombana na mkewe, polisi wakaja. Kesi iliishaje, hakusema, nami sikuuliza. Nilikuwa nimeuliza vya kutosha. Mama yake alijua tangu nilipotamka kosa, pale pale kwenye sebule ya dada, kwamba ni yule mwingine.

"Mbona hakusema?" nikamwuliza. "Neno moja tu lingetosha."

"Yule mwenzangu naye amemlea yeye," akasema. "Alisema hawezi kutaja jina la mtoto mbele ya mtu anayepeleka majina."

Chumba cha ndani mlango ulikuwa umefungwa. Nilimsikia mama akikohoa. Redio ya kanisa ilikuwa inasema kwa chini. Nikapiga magoti pale kwenye zulia, kwa sauti ya kufika ndani, nikaomba msamaha kwake, kwa mwanawe, kwa yule mwingine ambaye sikumjua. Redio ikaendelea. Kijana akaniinua kwa mabega.

"Mimi nimekusamehe, mjomba. Lakini mama hawezi kuingia nyumba yenu tena. Na mimi siwezi kuoa mahali ambapo mama yangu atabaki nje kwenye gari."

Nikamwuliza nimwambie nini binti. Akasema ameshamwambia mwenyewe, kwa simu, walilia wote wawili, ikaisha. Kitenge alinirudishia. Alisema ni cha dada yangu, mama yake alikitoa kwa moyo, hakichukuliwi tena. Dada hajawahi kukishona. Kiko kabatini, kwenye karatasi yake ya zawadi.

Alioa baadaye, kule kule. Nasikia ana nyumba Katy, mji ulio kando ya Houston, zile mpya zenye dari ya juu, na watoto wanaojibu kwa Kiingereza. Yule Mkenya alimaliza unesi, akaondoka ghalani. Siku ya mwisho alinitafuta, akasimama mbele yangu akitaka kusema kitu, hakupata mzaha wowote, akaniacha na kofia yake ya baridi.

Binti hakuolewa. Walikuja wawili wengine, watu wazuri, mmoja hata mchungaji. Kila mara aliuliza kwanza nani atakwenda kuchunguza, na dada hakuwa na jibu, maana mjomba ni mmoja. Mapafu yaliponitoa kazini, dada alisema nihamie kwao Garland. Binti ndiye aliyenitengenezea chumba. Ananipeleka hospitali, ananikumbusha dawa, nguo zangu zimepigwa pasi. Mtu wa nje akituona atasema huyu mzee amebarikiwa.

Barua zangu ananisomea bado. Ila sasa anasoma zote, tangu juu mpaka chini, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma ambayo hata wenye kampuni nadhani hawajawahi kuyasoma. Anwani yao. Namba ya ukurasa. Kama ni barua ya maji, anasoma mpaka sehemu inayosema jinsi ya kulalamika kwa Kihispania. Haniangalii wakati anasoma. Nami nakaa, mikono magotini, nasikiliza mpaka mwisho.

Wiki iliyopita ilikuja ya hospitali, nene, na nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Mama, nisomee tu wanachotaka."

"Tunaanza juu, mjomba," akasema.

Akasoma jina langu. Akasoma tarehe ya kuzaliwa, moja, mwezi wa kwanza. Hapo akatulia kidogo, kama anavyotulia kila mara, kisha akaendelea na mstari unaofuata.